UCHANGANUZI: Hisa za kampuni ambayo mitambo yake inazeeka angani

MIEZI mitatu tu baada ya kuuzia umma hisa zake kwa mara ya kwanza katika soko la Nasdaq, kampuni ya simu za setilaiti ya Globalstar ilitoa taarifa ambayo hakuna mwenye hisa hupenda kuisoma.

Katika taarifa hiyo ya Februari 2007, kampuni hiyo ya Marekani ilikiri kwamba setilaiti zake zilikuwa zikidhoofika kwa kasi kuliko ilivyokadiriwa na kwamba, hali ikiendelea hivyo, wakati fulani katika mwaka wa 2008 zingeshindwa kuendesha mazungumzo ya simu ipasavyo.

Waliokuwa wamenunua hisa hizo Novemba 2006 kwa Dola 17 kila moja waligundua kwamba walikuwa wamenunua sehemu ya mtandao uliokuwa unakufa, tena mahali ambapo hakuna fundi angeweza kuufikia.

Mkasa huo na yaliyoufuata yanaeleza mengi kuhusu swali ambalo wawekezaji hujiuliza mara kwa mara: je, hisa ya bei ya chini ya kampuni yenye mitambo mikuukuu ni nafuu au ni mtego?

Swali lenyewe linawahusu Wakenya kuliko zamani. Tangu Starlink iingie nchini Julai 2023, na hasa tangu Airtel Africa itangaze Desemba 2025 kwamba itashirikiana na SpaceX kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti, kampuni za aina hii zimeanza kutajwa hata na watu ambao hawajawahi kuishika simu ya setilaiti. Isitoshe, mkazi wa Kisumu au Nyeri sasa anaweza kununua hisa za soko la New York akitumia simu yake ya mkononi, bila kumwona wakala yeyote.

Ili kuelewa kilichotokea, ni muhimu kwanza kukumbuka jinsi biashara hii ilivyoanza.

Globalstar iliasisiwa mwaka wa 1991 na kampuni mbili za Marekani, Loral na Qualcomm. Nia ilikuwa kuweka setilaiti 48 katika kimo cha kilomita 1,414 na kumwezesha mtu kupiga simu akiwa jangwani, baharini au milimani, pasipo na mnara wowote.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Iridium, mradi wa kampuni ya Motorola uliokuwa na setilaiti 66 na uliogharimu zaidi ya Dola 5 bilioni.

Nuksi iliwaandama wote wawili. Mnamo Septemba 1998, roketi ya aina ya Zenit iliyorushwa kutoka Baikonur ilianguka ikiwa imebeba setilaiti 12 za Globalstar, zote zikaangamia kwa pigo moja. Iridium nayo ilianza kuhudumia wateja Novemba 1998, na kufikia Agosti mwaka uliofuata ilikuwa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wadai wake. Globalstar ilifuata njia iyo hiyo Februari 2002.

Sababu ilikuwa moja. Wakati setilaiti zilipokuwa zikiundwa, simu za mkononi zilienea duniani kwa kasi ambayo waasisi hawakuitarajia. Mfanyabiashara aliyelengwa na Iridium, yule wa kusafiri kutoka jiji hadi jiji, alipata simu ndogo na ya bei nafuu iliyofanya kazi katika kila jiji alilofika. Waliosalia kuhitaji simu za setilaiti ni wanajeshi, mabaharia, wachimba madini, wanahabari na mashirika ya misaada. Hao ni wateja wa kutegemewa, ila idadi yao ni ndogo mno kulipa madeni ya mabilioni.

Hapo ndipo wanunuzi wa vitu vya bei ya kutupwa walipojitokeza. Iridium ilinunuliwa mwishoni mwa mwaka wa 2000 kwa takriban Dola 25 milioni. Globalstar, iliyokuwa imemeza mabilioni ya dola, ilinunuliwa mwaka wa 2004 na kampuni ya uwekezaji ya Thermo, inayoongozwa na James Monroe, kwa Dola 43 milioni.

Kwa hesabu ya juu juu, hakuna biashara tamu kuliko hiyo. Mwenye mali wa kwanza amegharimia kila kitu, wadai wamekubali hasara, na mnunuzi wa pili anaanza bila deni huku mitambo ikiwa tayari inazunguka. Hoja hii ndiyo iliyouza hisa za 2006, na si hoja ya kipuuzi.

Kasoro yake ni kwamba mahakama ya Marekani ilikuwa na uwezo wa kufuta madeni ya kampuni, lakini haikuwa na uwezo wa kufuta umri wa mitambo.

Ikumbukwe kwamba mtandao wa setilaiti hauzeeki kama mtandao wa simu wa ardhini. Mnara ukiharibika Kitui, kampuni hutuma gari na fundi. Mtambo mmoja hubadilishwa leo na mwingine mwaka ujao, na mteja huenda asitambue. Setilaiti zilizorushwa karibu wakati mmoja, zikiwa na vipuri vya aina moja na zikipigwa na mnururisho ule ule, huelekea kuchoka pamoja. Gharama ya kuzibadilisha haiji kidogo kidogo, bali huja kama mafuriko.

Kwa hivyo, faida ambayo kampuni kama hii hutangaza katika miaka yake mizuri ni ya kutiliwa shaka. Sehemu yake kubwa ni fedha ambazo zingepaswa kuwekwa kando kwa ajili ya setilaiti za kesho. Asiyelijua hilo huisoma hesabu ya mwaka na kudhani amepata ng'ombe wa maziwa, kumbe anakula mbegu.

Hata hivyo, umri peke yake haukutosha kuihukumu Globalstar. Setilaiti za kwanza za Iridium zilikusudiwa kuhudumu kwa miaka isiyozidi minane, lakini nyingi zilihudumu karibu miongo miwili, hadi zilipobadilishwa na kizazi kipya kati ya Januari 2017 na Januari 2019. Mtu aliyenunua Iridium kwa Dola 25 milioni alipewa na wahandisi wa Motorola zawadi ya miaka ambayo haikuwa imeandikwa katika mkataba wowote.

Globalstar haikubahatika hivyo. Kilichochoka ni kifaa kimoja tu katika kila setilaiti, nacho ni kikuza mawimbi cha kurushia sauti kutoka angani hadi kwenye simu ya mteja. Kampuni ililihusisha tatizo hilo na mnururisho wa huko juu, ambako setilaiti zake huzunguka mbali zaidi kuliko zile za Iridium zilizo katika kimo cha kilomita 780.

La kushangaza ni kwamba kifaa cha kupokea mawimbi kutoka kwa simu kilibaki salama. Yaani setilaiti iliweza kumsikia mteja vyema lakini haikuweza kumjibu. Masikio yalikuwa mazima, ulimi ndio uliopooza.

Kampuni ilijaribu kila mbinu. Mnamo 2007 ilirusha setilaiti nane za akiba zilizokuwa ghalani. Ilipunguza bei. Ilianzisha pia huduma ya intaneti ambapo mteja alitaja mahali alipo, kisha akaelezwa ni saa ngapi setilaiti iliyo na nguvu ingepita juu yake ili apige simu wakati huo. Hebu fikiria, msomaji, umenunua simu ya dharura, nayo inakutaka usubiri zamu kama anayengojea basi la mwisho la kwenda shambani.

Lakini ni wakati huo huo ambapo lilizaliwa wazo lililoiokoa. Mwishoni mwa 2007 kampuni ilianza kuuza kifaa kidogo kiitwacho SPOT, ambacho hakikuhitaji kujibiwa. Mpanda milima alibonyeza kitufe, kifaa kikatuma mahali alipo na ujumbe kwamba yu salama au kwamba anahitaji msaada. Ujumbe ulipaa kwa kutumia masikio yale mazima ya setilaiti, na ulimi haukuhitajika.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kampuni yenye mitambo mizee. Si rahisi kwa mwekezaji kujua setilaiti itazimika lini, na mara nyingi hata wahandisi hukosea. Anachoweza kuchunguza ni kama wasimamizi wanajua hasa ni kiungo kipi kinachokufa na kipi kitabaki, na kama kuna biashara inayoweza kusimama juu ya kile kitakachobaki.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, nacho ni pesa.

Mwishoni mwa 2006, Globalstar ilitia saini mkataba wa Euro 661 milioni na kiwanda cha Ufaransa ambacho leo hujulikana kama Thales Alenia Space, ili kiiundie setilaiti 48. Kisha ukaja msukosuko wa fedha duniani wa 2008, na milango ya mikopo ikafungwa.

Iliyoikoa kampuni ni Serikali ya Ufaransa. Kupitia shirika lake la dhamana ya biashara ya nje, Coface, ilidhamini mkopo wa Dola 586 milioni mnamo Juni 2009. Paris haikufanya hivyo kwa huruma kwa wanahisa wa Marekani. Setilaiti zilikuwa zikiundwa Ulaya, na roketi zilikuwa zikiuzwa na kampuni ya Ufaransa. Mwaka uliofuata Coface iliidhamini Iridium pia kwa Dola 1.8 bilioni, kwa sababu zizo hizo.

Setilaiti 24 za kizazi cha pili zilirushwa kwa safari nne, sita kila mara, kuanzia Oktoba 2010 hadi Februari 2013. Mtandao ukapata ulimi tena.

Je, mwanahisa wa 2006 alinufaika? Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea njia.

Kampuni ikiokolewa haimaanishi kwamba mwanahisa ameokolewa. Ili kupata fedha za kupita katika miaka hiyo ya dhiki, Globalstar ilitoa hisa mpya mara kwa mara, na madeni mengine yakageuzwa kuwa hisa. Mwaka wa 2007 hisa zake zote hazikufika milioni 100. Kufikia 2022 zilikuwa takriban bilioni 1.8. Aliyemiliki chungu kizima cha uji alijikuta na kijiko.

Wanahisa wa Kenya Airways wanalifahamu vyema jambo hili. Mnamo 2017, madeni ya shirika hilo yalipogeuzwa kuwa hisa, Serikali ya Kenya ilijikuta na asilimia 48.9, benki zilizokuwa zikidai zikachukua asilimia 38.1, nayo KLM iliyokuwa na asilimia 26.7 ikabaki na asilimia 7.8. Mwanahisa mdogo hakuuza hata hisa moja, ila sehemu yake ilisinyaa mbele ya macho yake. Ndege ziliendelea kuruka, jambo ambalo ni jema kwa nchi, lakini kwake lilikuwa la faraja ndogo.

Aidha, kuna tofauti kati ya mwanahisa mkubwa na mdogo hata wanapokuwa ndani ya mashua moja. Thermo ilikuwa mmiliki mkuu wa Globalstar na pia mkopeshaji wake. Ilipoikopesha kampuni wakati ambapo hakuna mwingine aliyethubutu, iliisaidia, lakini pia ilijiwekea masharti ambayo mnunuzi wa hisa mia moja hawezi kuyapata.

Mvutano huo ulidhihirika Aprili 2018, wakati kampuni ilipotangaza mpango wa kujiunganisha na mali nyingine za Thermo, ikiwemo kampuni ya nyaya za nuru ya FiberLight. Wanahisa wachache walipinga, wakidai kwamba mali hizo zilikuwa zimekadiriwa thamani ya juu mno, na mpango ukafutwa miezi michache baadaye.

Kufikia hapo, waliokuwa wakishikilia hisa za Globalstar hawakuwa tena wakizungumzia simu. Walikuwa wakizungumzia masafa.

Kampuni ya setilaiti humiliki vitu viwili, mitambo iliyo angani na leseni ya kutumia mawimbi fulani. Mitambo huzeeka, lakini leseni haichakai mradi mwenyewe anaitumia. Ndiyo maana kuweka setilaiti hai, hata chache na dhaifu, kulikuwa na maana kuliko mapato ya simu zilizopigwa. Ilikuwa kama mtu anayeendelea kulima shamba lisilo na mazao ya haja kwa sababu anajua barabara kuu itapita hapo.

Swali ni lini barabara hiyo ingepita. Globalstar iliomba ruhusa ya kuyatumia masafa yake kwa mawasiliano ya ardhini, na Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikaipa ruhusa hiyo, kwa masharti, Desemba 2016. Kabla ya hapo, Oktoba 2014, kampuni ya uwekezaji ya Kerrisdale ilikuwa imechapisha ripoti kali ikidai kwamba masafa hayo hayakuwa na thamani iliyodaiwa na kwamba hisa hiyo haikustahili hata senti. Kerrisdale haikuwa shahidi asiye na upande, kwani ilikuwa imecheza kamari kwamba bei ingeshuka.

Na bei ilishuka kweli. Mwaka wa 2020 hisa moja iliuzwa kwa chini ya senti 50 za dola.

Kisha Septemba 2022, Apple ikatangaza kwamba simu yake ya iPhone 14 ingeweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti, na kwamba setilaiti hizo ni za Globalstar. Huduma ilianza Novemba mwaka huo nchini Marekani na Canada, na Apple ikatengewa asilimia 85 ya uwezo wa mtandao. Novemba 2024 Apple iliongeza kitita, ambapo ilikubali kutoa hadi Dola 1.1 bilioni kama malipo ya mapema kwa ajili ya mtandao mpya, na Dola 400 milioni za kununua asilimia 20 ya kampuni tanzu itakayouhudumia.

Wazo lile la SPOT la mwaka wa 2007, la kubonyeza kitufe na kuomba msaada, sasa limo mfukoni mwa mamilioni ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Globalstar.

Waliosubiri walisema tuliwaambia. Lakini tupige hesabu. Februari 2025, Globalstar iliunganisha kila hisa 15 kuwa moja. Kwa hivyo, aliyenunua kwa Dola 17 mwaka wa 2006 ni kama aliyelipa Dola 255 kwa hisa ya sasa. Kufikia mwishoni mwa 2025, hisa hiyo ilikuwa haijafika hata nusu ya kiwango hicho. Kwa upande mwingine, aliyenunua mwaka wa 2020 kwa senti 50 ni kama aliyelipa Dola 7.50, na huyo alivuna mara kadhaa.

Wote wawili walinunua kampuni moja, yenye masafa yale yale na mmiliki mkuu yule yule. Tofauti ni kwamba wa kwanza alinunua kabla ya gharama ya setilaiti mpya kulipwa, na wa pili baada ya wengine kuilipa. Anayetaka kununua hisa za aina hii angefaa kuanza na ukurasa wa ripoti ya mwaka unaoeleza afya ya setilaiti na umri wake, kisha aulinganishe na ule unaoonyesha madeni yanaiva lini. Deni likiiva baada ya mtambo kufa, kuna mtu atakayelipa, na kwa kawaida ni mwenye hisa.

Kuna pia jambo la mteja mmoja. Kampuni iliyowahi kuhofia kukosa wateja sasa ina mteja anayechukua sehemu kubwa mno ya uwezo wake. Apple ikibadilisha nia, hakuna wa kuijaza nafasi hiyo kwa haraka. Na washindani hawajalala, kwani Septemba 2025 SpaceX ilikubali kununua masafa ya EchoStar kwa takriban Dola 17 bilioni. Bei hiyo iliwafurahisha wenye masafa popote walipo, lakini pia ilionyesha ni nani anayekuja.

Katika eneo letu, Globalstar haikujulikana sana. Setilaiti zake hufanya kazi kama kioo. Huakisi mawimbi hadi kituo cha ardhini kilicho karibu, na pasipo kituo hakuna simu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Afrika ilikosa vituo hivyo. Ndiyo sababu nchini Somalia jina lililozoeleka ni Thuraya, kampuni ya Milki ya Nchi za Kiarabu, ambayo simu zake zilitumiwa na wafanyabiashara, wanahabari na hata maharamia wa baharini.

Thuraya nayo haikuepuka uzee. Setilaiti yake ya pili ilirushwa mwaka wa 2003. Aprili 2024 ile ya tatu, iliyokuwa ikihudumia Asia, ilipata hitilafu na huduma ikakatika. Setilaiti mpya, Thuraya 4, haikurushwa hadi Januari 2025.

Ama Globalstar, saa imeanza kuhesabu tena. Setilaiti za kizazi cha pili ziliundwa kuhudumu kwa miaka 15, na zile sita za kwanza zilitimiza umri huo Oktoba 2025. Nyingine 17 ziliagizwa kutoka kampuni ya MDA ya Canada mnamo Februari 2022 kwa Dola 327 milioni. Safari hii sehemu kubwa ya gharama inabebwa na Apple, lakini roketi ni zile zile za kuruka au kuanguka.